Zimwi ni la Wote, Sanamu ni ya Aliyeifinyanga: Kusubu na Kuuza Sanamu Ndogo Nassa



Nimeombwa nizungumzie sanamu ndogo za kubuni: majitu, mazimwi na mashujaa wanaoenea kwenye kiganja. Zina wapenzi wengi duniani, wanaozipaka rangi, kuzikusanya na kuzichezea michezo ya mezani. Ninalotaka kusema ni kwamba mwenye kisa chake hana haja ya kunakili cha mwenzake, nasi Wasukuma kisa tunacho.

Nianze na kosa lililozoeleka. Kijana ananunua sanamu dukani, anaizamisha kwenye plasta, anaitoa, kisha anamimina alumini iliyoyeyushwa kutoka kwenye sufuria chakavu. Anaamini amesubu kazi yake. Lakini kalibu haisahau. Kila mkunjo wa vazi na kila kovu la sanamu ya kwanza vinajitokeza kwenye ya pili, tena alumini husinyaa inapopoa, hivyo nakala hutoka ndogo kidogo kuliko mama yake. Mwenye mali akizipima ameshajua. Kubadilisha upanga ukawa mkuki hakumwokoi fundi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inailinda sanamu tangu inapoumbwa, hata kabla ya usajili, kwa maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Tanzania imo tangu 1994 katika Mkataba wa Berne, ambao nchi wanachama hulindiana hakimiliki. Kwa hiyo sanamu iliyobuniwa Nottingham, Uingereza, inalindwa hapa kwetu Nassa, na ya Nassa inalindwa Nottingham.

Kisicholindwa ni wazo. Samaki Likankoa anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo wa shetani katika uchongaji wa Kimakonde, na wachongaji wengi wameufuata bila kumwibia, kwa kuwa kila mmoja amechonga shetani wake. Majina nayo yana wenyewe. Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotoka 1974, ulilazimika kuliacha jina la “hobbit” baada ya wenye haki za kazi za mwandishi Tolkien kulalamika; watu wafupi wakabaki mchezoni kwa jina jingine. Na kampuni ya sanamu ndogo ya Games Workshop ilipoishtaki Chapterhouse Studios huko Marekani mwaka 2010 kwa kuingilia haki zake, baraza la wazee wa mahakama lilitoa uamuzi 2013: baadhi ya madai yalikubaliwa, mengine yakakataliwa, na fidia ikawa dola 25,000. Karakana yetu ingekufa kwa gharama kabla ya hukumu.

Sasa turudi nyumbani. Katika ngano yetu Wasukuma, zimwi Shing'weng'we alimeza watu wote na mifugo yao. Akabaki mama mjamzito aliyejificha, akamzaa Masala Kulangwa, aliyekuja kuliua zimwi na kulipasua tumbo watu watoke. Kisu kilimkata sikio bibi mmoja aliyekuwa ndani, naye akakasirika. Hebu fikirieni sanamu hiyo: bibi anachungulia kwenye tumbo lililopasuliwa, mkono sikioni, uso umejaa ghadhabu kwa aliyemwokoa! Hakuna duka lenye kitu kama hicho. Sheria ile ile ya hakimiliki ina sehemu ya sanaa za jadi: kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake kunahitaji kibali, ila kuziazima ili kubuni kazi mpya kumeruhusiwa. Kwa hiyo ukitaka kuchukua umbo la sanamu au la ngoma iliyopo kwenye makumbusho ya Bujora, uliza kwanza. Ukitaka kumfinyanga Shing'weng'we wa kichwani mwako, shika udongo.

Tunzeni michoro, picha zenye tarehe na ile sanamu ya udongo ya kwanza; ndio ushahidi wenu siku ya ugomvi. Kazi ipelekeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na jina la biashara lisajiliwe BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kwenye boksi pasiandikwe jina la mchezo wa watu ili kuvuta wateja. Watalii wanaopita Lamadi kuelekea lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti hawakusafiri kutafuta nakala ya walichokiacha kwao.

Naomba tukikutana tena, kila karakana ilete sanamu moja ya udongo iliyofinyangwa kwa mkono wake, na ya dukani ibaki nyumbani.