Kiti cha Kwanza: Maneno kwa Wenye Kuanza Useremala, Kipese



Tangu Kanyabayonga ilipochukuliwa mwezi wa Juni 2024, familia nyingi zilipanda kuelekea Lubero na Butembo bila shamba wala jembe. Vijana wao wanatuomba useremala, na swali lao la kwanza ni pesa ya mashine. Mimi naona swali la kwanza ni mti: ni wa nani?

Huku kwetu mikalitusi ni akiba ya nyumba. Mwenyeji aliipanda ili alipe masomo ya watoto. Mgeni akikata mmoja usiku, kesho yake haitasemwa kwamba fulani ameiba. Itasemwa wageni wameiba. Viongozi, mnanielewa. Basi tupatane na mwenye miti mbele ya shahidi, na iandikwe: mti gani, bei gani, italipwa kwa pesa ao kwa viti.

Lakini kwa kuanza, nafuu ni mabaki ya mbao kwenye karakana za Butembo, maana mara nyingi yamekwisha kukauka. Mkalitusi mbichi hupinda na kupasuka. Ubao wake upangwe kivulini juu ya vijiti, miezi kadhaa. (Vijana hawapendi kusikia hilo!)

Vyombo: msumeno, nyundo, randa, patasi, kipimo na ekeri. Vinaingia katika mfuko mmoja, na tukilazimika kuhama tena vitabebeka.

Kazi ya kwanza iwe kiti kidogo. Tafuta ubao wa urefu wa sm 150, upana sm 30, unene sm 2.5. Kata sm 40 za kukalia, na vipande viwili vya sm 38 viwe miguu. Kipande cha sm 27 kipasue upate mikanda miwili ya upana wa sm 8. Itakaa kati ya miguu, chini ya kikalio. Toboa kwanza kabla ya msumari, kwa sababu mkalitusi mkavu hupasuka. Pigilia misumari ya sm 6 kwa kuilaza kidogo, ishike vizuri.

Mfuko mmoja unaweza kutumiwa na familia nne, mbili za wenyeji na mbili zilizohama. Daftari likae kwa mwenyeji, mfuko kwa mgeni, ili hakuna anayefanya kazi bila mwenzake kujua.

Wazee, kabla hatujaachana: nani kati yenu yuko tayari kuuza mti?