Catherine Ndereba wa Nyeri, Bingwa wa Mbio Ndefu



Yeyote aliyepita njia za Nyeri, Karatina au Nanyuki wakati wa asubuhi amewaona watoto wakipanda na kushuka vilima kwenda shule. Katika nchi hiyo ya vilima, mahali paitwapo Gatunganga, wilayani Nyeri, ndipo alipozaliwa Catherine Ndereba, tarehe 21 Julai 1972. Alianza mbio alipokuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Ngorano, na mwaka 1994 akaandikwa katika Idara ya Magereza ya Kenya ili awe mkimbiaji wake.

Maratoni ni mbio za maili 26 na yadi 385. Ndereba alizikimbia kwa mara ya kwanza mjini Boston, Marekani, mwaka 1999, akawa wa sita. Hakuvunjika moyo. Mwaka uliofuata alirudi Boston akashinda, akimwacha nyuma Fatuma Roba wa Ethiopia, ambaye alikuwa ameshinda huko miaka 3 mfululizo.

Baada ya ushindi huo wengi walitumaini kwamba atapelekwa Sydney kukimbia maratoni ya Olimpiki mwaka ule ule wa 2000. Lakini hakuchaguliwa. Mtu mwingine angalinung'unika mpaka nguvu zimwishie. Yeye alijibu kwa miguu. Oktoba ile alishinda Chicago, na mwaka 2001 akashinda Boston tena.

Tarehe 30 Septemba 2001 Naoko Takahashi wa Japani, aliyepata dhahabu ya Sydney, alikimbia Berlin kwa saa 2, dakika 19 na sekunde 46. Hakuna mwanamke aliyewahi kufanya hivyo. Rekodi yake ilidumu juma moja tu. Tarehe 7 Oktoba Ndereba alimaliza Chicago kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47.

Alipata ubingwa wa dunia Paris mwaka 2003 na Osaka mwaka 2007, na Boston alishinda mara 4. Dhahabu ya Olimpiki peke yake ndiyo iliyomponyoka. Athens, mwaka 2004, Mizuki Noguchi wa Japani alimshinda kwa sekunde 12. Bondia aliyeshindwa kwa pointi aweza kuomba pambano la marudiano baada ya miezi michache. Mkimbiaji wa Olimpiki hungoja miaka 4. Ndereba alingoja. Beijing, mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 36, alipata fedha tena, akimtangulia Zhou Chunxiu wa China kwa sekunde 1 mbele ya watu wa kwao.

Basi kijana aliyeachwa nje ya timu asizimalize siku zake katika kulaumu. Barabara iko wazi kila asubuhi, na saa ya mkimbiaji haijui upendeleo.