NEEMA YA BURE SI NEEMA RAHISI

(Hotuba iliyotolewa mjini Musoma kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya maandishi ya Dietrich Bonhoeffer, mchungaji na mwanateolojia wa Kilutheri wa Ujerumani. Najua wapo watakaouliza: Mjerumani huyu anatuhusu nini sisi watu wa Mara? Swali hilo ni la haki, na nitajitahidi kulijibu.

Bonhoeffer alizaliwa mwaka 1906. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, Wakristo wengi wa Ujerumani walimkubali, na wengine walimshangilia. Bonhoeffer alikataa. Tangu mwaka 1935 aliongoza chuo cha kuwaandaa wachungaji huko Finkenwalde, mpaka polisi wa Hitler walipokifunga mwaka 1937. Mwaka huo huo kilitoka kitabu chake juu ya kumfuata Kristo, ambacho sehemu yake kubwa ni maelezo ya Hotuba ya Mlimani katika Mathayo 5 hadi 7.

Ujerumani ilikuwa nchi ya watu waliobatizwa. Walutheri wake walifundishwa tangu utoto kwamba mwanadamu huokolewa kwa neema kwa njia ya imani, wala si kwa matendo yake. Hayo ni mafundisho ya Martin Luther, na Bonhoeffer hakuyapinga. Lakini aliwaona watu hao hao wakitoka ibadani na kunyamaza huku jirani yao Myahudi akinyang'anywa kazi na haki zake. Fundisho la kweli lilikuwa limegeuzwa kuwa mto wa kulalia. Hiyo ndiyo aliyoiita neema rahisi: mtu hujisamehe mwenyewe, kisha huendelea na yale yale.

Ndugu zangu, Kiswahili chetu kinatusaidia hapa. Neno "rahisi" lina maana mbili: kitu cha bei ndogo, na jambo lisilo na taabu. Neno "bure" nalo ni kitu kisicholipiwa. Neema ni ya bure, kwa maana hakuna awezaye kuinunua. Lakini si rahisi, kwa maana yoyote kati ya hizo mbili. Si ya bei ndogo, kwani Mungu aliitoa kwa uhai wa Mwanawe. Wala haikosi taabu, kwani anayeipokea huitwa amfuate huyo aliyebeba msalaba. Msalaba wetu haununui neema. Hutufuata kwa sababu tumeipokea.

Chukueni mfano wa mtu aliyeiba ng'ombe usiku huko Bunda. Jumapili anasimama kanisani, analia, anatubu. Tunampa mkono. Ng'ombe je? Bado wako zizini kwake. Wazee wetu wa Uamsho walilijua jambo hili bila kusoma kitabu cha Mjerumani. Uamsho ule uliotokea Rwanda na Uganda ulifika Shirati miaka ya 1940, kwa Wamennonite waliokuwa wameanza kazi hapo mwaka 1934. Waliookoka walikiri hadharani na kurudisha walivyoiba. Miongoni mwa walioguswa na Uamsho huo alikuwa Zedekia Kisare, ambaye mwaka 1967 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kanisa la Mennonite Tanzania. Kurudisha hakukuwa bei ya msamaha. Kulionyesha kwamba msamaha umeingia nyumbani.

Hata jirani yetu wa Butiama, Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyebatizwa mwaka 1943, aliligusa jambo hili. Mwaka 1970 alizungumza na Masista wa Maryknoll huko New York, akawaambia kwamba Kanisa lisiloshiriki kupambana na yanayowafanya watu kuwa maskini na wanyonge litapoteza maana mbele ya watu hao. Hakuwa Mlutheri, lakini hapo angeelewana na Bonhoeffer.

Sasa nifike kwetu. Makanisa ya Mara yamejaa. Wakatoliki wana majimbo mawili, Musoma na, tangu mwaka 2010, Bunda. Walutheri, Waanglikana, Wamennonite na Wasabato wote wapo. Hata hivyo, katika baadhi ya makabila yetu, likizo ya Desemba inapokaribia, wapo mabinti wanaotoroka nyumba za baba zao Wakristo ili wasikeketwe. Wanakimbilia nyumba salama za Mugumu, za Butiama na kituo cha Masanga, Tarime. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Lakini mtoto anakimbia usiku, na Januari baba yake anashiriki Meza ya Bwana. Hiyo, ndugu zangu, ndiyo neema rahisi kwa lugha ya Mara.

Sisemi kwamba kukataa ni kwepesi. Baba anayekataa hutengwa na ndugu zake. Binti huitwa msagane kwa dharau, na huambiwa hatapata mume. Mahari yanayotarajiwa huweza kupotea. Gharama hiyo ni ya kweli, na mtu asiwadanganye vijana kwamba haipo. Ndiyo maana Bonhoeffer alizungumza juu ya msalaba, si juu ya tabia njema tu.

Naye hakuandika tu. Mwezi Juni 1939 alifika Marekani, mahali pa usalama. Julai alirudi Ujerumani, kwa kuwa aliona hatakuwa na haki ya kulijenga upya Kanisa la watu wake ikiwa hakushiriki mateso yao. Alijiunga na waliopanga kumwangusha Hitler, na hakudai kwamba mikono yake ilibaki safi. Alikamatwa Aprili 1943, akanyongwa huko Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, akiwa na umri wa miaka 39. Mwezi uliofuata Ujerumani ilisalimu amri.

Wanafunzi wenzangu wa zamani, sisi leo ndio akina baba na wajomba tunaoitwa kwenye vikao vya ukoo. Ombi langu ni moja: kabla ya Desemba, kila mmoja wetu aseme kikaoni, mbele ya kaka zake, kwamba mtoto wa nyumba yake hatakeketwa. Nanyi vijana wa kiume, semeni mapema kwamba mtamwoa msichana asiyekeketwa, nanyi msimcheke. Ikiwa kwa neno hilo tutakosa nafasi kwenye kikao, au ng'ombe kadhaa, tujue kwamba hatujainunua neema. Tumeanza tu kuifuata.