Vikwazo Katika Njia ya Dola ya Palestina



Ndugu waheshimiwa, tarehe 15 Novemba 1988, mjini Algiers, Yasser Arafat alitangaza mbele ya Baraza la Taifa la Palestina kuundwa kwa dola ya Palestina. Kabla ya mwaka huo kwisha mataifa mengi yaliitambua, Tanzania ikiwa mojawapo. Leo zaidi ya mataifa 150 kati ya wanachama 193 wa Umoja wa Mataifa yameitambua. Septemba 2025 hata Uingereza na Ufaransa zilifanya hivyo. Basi ni kitu gani kinachoizuia dola hiyo isiketi pamoja na wenzake?

Kikwazo cha kwanza ni mlango wenyewe. Kwa kifungu cha 4 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, Baraza Kuu haliwezi kumpokea mwanachama mpya mpaka Baraza la Usalama limpendekeze. Na huko, kura ya turufu ya mmoja wa wakubwa watano yatosha kuangusha kura za wengine wote. Tarehe 18 Aprili 2024 wajumbe 12 waliafiki, Uingereza na Uswisi zikajizuia kupiga kura, na Marekani peke yake ikapinga. Shauri likaanguka. Siku 22 baadaye Baraza Kuu likaamua kwa kura 143 dhidi ya 9 kwamba Palestina yastahili uanachama. Lakini kustahili si kupokewa, nayo imebaki mtazamaji asiye mwanachama, hadhi iliyopewa mwaka 2012.

Kikwazo cha pili ni ardhi. Wanasheria hurejea mkataba wa Montevideo wa mwaka 1933, unaotaka dola iwe na wakazi wa kudumu, eneo maalumu, serikali na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Lakini kwa mapatano ya Oslo ya mwaka 1995, kiasi cha asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi kilibaki chini ya mamlaka kamili ya Israeli, na makazi ya walowezi yakazidi kujengwa humo. Hivyo anayedaiwa aonyeshe mipaka yake ndiye anayenyang'anywa ardhi. Tarehe 19 Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba ukaliaji huo si halali. Ila maoni ya mahakama hayana askari.

Kikwazo cha tatu chauma zaidi, kwa kuwa kimetoka ndani ya nyumba. Tangu Juni 2007, Hamas ilipoishika Gaza na Mamlaka ya Palestina ikabaki Ramallah, wapinzani wamepata la kuuliza: tumtambue nani?

Wako wasemao kwamba dola ingoje mazungumzo ya mipaka yamalizike. Hoja hii yafaa ipimwe kwa mizani moja. Israeli ilipokewa Umoja wa Mataifa tarehe 11 Mei 1949, na mipaka yake ilikuwa haijaamuliwa. Kwa nini sharti lisilodaiwa kwa mmoja lidaiwe kwa mwingine?

Ndugu zangu, kutambuliwa si jambo la jina tu. Kwa hadhi ya mwaka 2012 Palestina iliweza kujiunga na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2015. Lakini tamko lisilofuatwa na tendo halimrudishi mkulima shambani mwake. Mataifa yaliyokiri haki hii yanadaiwa sasa kuitetea, na Wapalestina wanadaiwa umoja. Mwenyezi Mungu awape wanyonge haki yao, na viongozi moyo wa uadilifu. Amin.