Mfereji Huombwa Kabla ya Mvua

(Yafuatayo ni maneno ya hotuba ya mjumbe mpya aliyeteuliwa katika Bunge la Kaunti ya Jiji la Nairobi, aliyoitoa kwa wenyeji wa mitaa ya mashariki ya jiji. Tunayachapisha kwa kuwa mambo aliyoyaeleza yanawahusu wakaaji wa kila kaunti.)



Tangu nilipoapishwa wengi wenu mmeniuliza swali moja, nalo ni swali la haki: "Wewe hatukukupigia kura. Umetoka wapi, nawe utatufanyia nini?" Nitalijibu swali hilo kwanza. Kisha nitawapa habari za mambo matatu yanayotusumbua huku kwetu, yaani mifereji, takataka na maji. Mwisho nitawaeleza ni wakati gani, na kwa njia gani, mwananchi aweza kulifikisha ombi lake mahali fedha zinapogawanywa, kabla hazijagawanywa. Mkisahau mengine yote niliyosema leo, nawasihi msilisahau hilo la mwisho.

MJUMBE WA KUTEULIWA NI NANI?

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 177, yaeleza kwamba Bunge la Kaunti lina wajumbe wa namna mbili. Wa kwanza huchaguliwa kwa kura, mmoja katika kila wadi. Na Nairobi ina wadi 85. Wa pili huteuliwa kutoka orodha za vyama vya siasa, kwa kadiri ya viti ambavyo kila chama kilipata katika uchaguzi. Viti hivyo viliwekwa ili wajumbe wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili, na ili watu wenye ulemavu, vijana na wengine ambao sauti zao hazisikiki upesi wapate wa kuwasemea. Mimi ni wa namna hii ya pili. Sina wadi yangu peke yangu, wala sikuja kumnyang'anya mjumbe wenu wa wadi kazi yake. Yeye na mimi ni majembe mawili katika shamba moja.

Wazee waliopo hapa wanajua kwamba kuwa na mtu wa kumwuliza habari za mji si jambo dogo. Nairobi ilipewa hati ya kuwa jiji mwaka 1950. Mwaka 1962 Bwana Charles Rubia akawa Mwafrika wa kwanza kushika cheo cha Meya. Lakini kuanzia mwaka 1983 hata mwaka 1992 jiji liliendeshwa na tume iliyowekwa na Serikali, na katika miaka hiyo wenyeji hawakuwa na diwani waliyemchagua, wa kumwita aje ajibu. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, mahali pa diwani pakashikwa na mjumbe wa wadi. Basi, ukiona mjumbe, mtumie.

KAZI YA MJUMBE, NA ISIYO KAZI YAKE

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yamtaka mjumbe akae karibu na wananchi, awaulize maoni yao, na kuyapeleka Bungeni. Lakini sheria hiyo hiyo yamkataza kufanya kazi za watumishi wa kaunti. Mjumbe hazibui mfereji, haajiri wafagiaji, wala hatoi zabuni. Kazi yake ni tatu: kutunga sheria za kaunti, kukubali au kukataa makadirio ya fedha, na kuwauliza watendaji walivyozitumia. Mtu akija kwenu na lori la kokoto akawaambia kwamba hilo ni zawadi ya mjumbe, mwulizeni fedha zilitoka katika fungu gani. Zikiwa ni za kaunti, basi ni zenu, na mtu hapewi zawadi kwa mali yake mwenyewe.

Tena yafaa kujua mlango wa kubisha. Kuzoa takataka, mifereji, barabara za kaunti, taa za barabarani, masoko, zahanati, shule za chekechea, zimamoto na maji, hayo ni ya kaunti. Polisi, shule za msingi na za sekondari, pamoja na barabara kuu za taifa, ni ya Serikali ya Taifa. Nimekwisha kupokea barua nyingi za malalamiko juu ya karo za sekondari. Nitazipeleka panapohusika, lakini mwandishi angalipata jibu mapema zaidi kama angalianza kwenye mlango wenyewe.

JAMBO LA KWANZA: MIFEREJI

Hakuna aliyesahau mvua za masika ya mwaka 2024. Katika nchi nzima walikufa watu zaidi ya 200, na hapa Nairobi mto Mathare ulifurika ukachukua nyumba, vyombo na watu. Mvua ilikuwa kubwa kupita kiasi, ni kweli. Lakini maji hutafuta njia, na katika mitaa mingi njia hiyo tumeiziba wenyewe. Penye udongo pamewekwa saruji isiyonywa maji. Juu ya mfereji pamejengwa kibanda. Na ndani ya mfereji mna chupa, matambara na maganda ya miwa. Maji yakikosa mfereji huingia kitandani.

Kwa hiyo kuna kazi ya kaunti na kazi yetu. Kuchimba mfereji, kuujenga kwa mawe na kuufunika ni kazi ya kaunti, nayo yahitaji fedha zilizoandikwa katika makadirio. Kutotupa taka ndani yake ni kazi yetu, nayo haihitaji hata senti moja. Mfereji ulio wazi ni hatari pia kwa mzee asiyeona vizuri, kwa mtoto, na kwa anayetembea kwa kiti cha magurudumu. Nitauliza Bungeni kwamba kila mfereji mpya upitao penye watu wengi uwe na kifuniko.

JAMBO LA PILI: TAKATAKA

Taka za jiji hili zimemwagwa Dandora tangu miaka ya 1970, katika shimo lililochimbwa mawe zamani. Mwaka 2001 ilitangazwa kwamba pamejaa. Hata hivyo magari yaliendelea kumwaga. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa habari za uchunguzi uliofanywa kwa watoto 328 waliokuwa wakiishi au kusoma karibu na hapo. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu, zaidi ya kiasi kilichohesabiwa kuwa salama wakati huo. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na dhara hilo halifutiki kwa dawa ya kununua dukani.

Mwaka 2022 ilipitishwa sheria ya taifa inayotutaka kutenga taka za aina mbili: zile zinazooza, kama maganda na mabaki ya chakula, na zile zisizooza. Si sheria ya kuwasumbua wenye nyumba. Taka zinazooza zikitengwa zaweza kuwa mbolea, na chupa na vyuma vikitengwa vina mnunuzi. Zikichanganywa zote huwa uchafu mtupu, na uchafu huo hupelekwa karibu na watoto wa mtu mwingine. Lakini ni bure kumwambia mama atenge taka katika mifuko miwili ikiwa lori litaichanganya mbele ya mlango wake. Kwa sababu hiyo nitawauliza watendaji wanionyeshe utaratibu wa kuzoa taka hizo mbili mbalimbali katika mitaa hii, na siku za kuzoa zibandikwe mahali ambapo kila mtu ataziona.

JAMBO LA TATU: MAJI

Maji tunayokunywa hutoka mbali. Kuna bwawa la Ruiru katika Kiambu, bwawa la Sasumua katika Nyandarua, na kubwa kuliko yote, bwawa la Ndakaini katika Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, nalo laweza kuhifadhi meta za ujazo milioni 70. Baadaye ilichimbwa njia ya chini ya ardhi yenye urefu wa kilometa 11.8 ili kuleta maji ya mito mingine ya Murang'a hadi Ndakaini.

Mbona basi mabomba yetu yanakauka? Sababu moja ni kwamba watu wa jiji wameongezeka. Katika hesabu ya mwaka 2019 tulikuwa watu 4,397,073. Sababu ya pili ni kwamba sehemu kubwa ya maji hupotea kabla ya kufika, kwa mabomba yaliyopasuka na kwa watu wanaotoboa mabomba usiku ili wauze maji mchana. Ajabu ni kwamba anayenunua maji kwa jerikani hulipa zaidi, kwa kila lita, kuliko mwenye bomba nyumbani kwake; yaani maskini ndiye alipaye bei ya tajiri. Nitakayoyadai ni mawili: zamu za maji zifuatwe kama zilivyotangazwa, na penye kioski cha kaunti bei iandikwe ukutani kwa maandishi makubwa. Nanyi nawaomba, mkimjua atoboaye bomba msimfiche. Huyo hamwibii Gavana, anamwibia jirani yake.

KALENDA YA FEDHA

Sasa nafika kwenye jambo nililosema msilisahau. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Watu wengi hudhani kwamba fedha hugawanywa mwezi huo. Sivyo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka hatua zake. Kufika tarehe 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata lazima uwe umeletwa Bungeni. Kufika tarehe 28 Februari, huletwa hati inayoonyesha kila idara itapewa kiasi gani. Kufika tarehe 30 Aprili, huletwa makadirio yenyewe. Kufika tarehe 30 Juni, Bunge huwa limekwisha kuyapitisha.

Tazameni maana yake. Tuseme mtaa mmoja umefurika mwezi wa Aprili, watu wakaja kwa mjumbe wakilia, wakitaka mfereji. Machozi yao ni ya haki, lakini makadirio yanaletwa Bungeni mwezi huo huo, na mpango wake uliandikwa tangu Septemba iliyopita. Mtaa mwingine, usio na shida kuliko huo, uliandika ombi lake mwezi wa Julai, na mfereji wao umo katika kitabu. Si kwamba walipendelewa. Walitangulia. Mfereji wa kuzuia mvua ya mwakani huombwa wakati jua linawaka na hakuna anayefikiri habari za mvua.

Kwa hiyo nawaomba mfanye hivi. Kila mtaa ukutane kabla ya mwezi wa Agosti kwisha, uchague jambo moja au mawili, si kumi. Liandikeni kwa Kiswahili au kwa Kiingereza: mahali penyewe ni wapi, shida ni nini, inawahusu watu gani, na tangu lini. Wekeni sahihi zenu; asiyejua kuandika aweke alama ya kidole. Sheria yampa kila mtu haki ya kupeleka ombi mbele ya Bunge la Kaunti juu ya jambo lolote lililo katika mamlaka yake, na Katiba, katika kifungu cha 196, yalitaka Bunge hilo lifanye kazi yake wazi na kuwashirikisha wananchi. Bakini na nakala yenye muhuri na tarehe.

Tena, mkitaka kujua fedha za mradi fulani zilitumikaje, andikeni mwulize. Chini ya Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari, ofisi ya umma yapaswa kutoa jibu katika siku 21. Hamhitaji kumjua mtu, wala kumpa mtu kitu.

Najua kuna anayesema moyoni, "Tutaandika, na bado hatutapata." Sitawadanganya. Fedha hazitoshi maombi yote, na mitaa mingine itangoja. Lakini ombi lililosemwa njiani hupotea na upepo, na lililoandikwa laweza kuulizwa Bungeni mwaka huu, na mwakani, na mwaka wa tatu, hata kama mimi sipo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta, ndugu zangu, ni ghali kuliko ufa.

Kwa upande wangu nawaahidi mambo matatu ambayo naweza kuyatimiza. Kila ombi litakalonifikia nitaliandika katika daftari lenye tarehe, nanyi mtaruhusiwa kulitazama. Makadirio yakiletwa, nitarudi hapa kabla hayajapitishwa, niwasomee yanayohusu mitaa hii, yaliyomo na yaliyoachwa. Na yakikataliwa maombi yenu, nitawaambia sababu niliyopewa, hata kama sababu hiyo hainipendezi. Sitawaahidi mfereji, kwa kuwa mfereji si wangu wa kutoa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Karatasi za kuandikia maombi ziko pale mezani, na karani atamsaidia yeyote anayehitaji msaada.