Minyoo na Sumu ya Risasi

Leo tutazungumza juu ya mambo mawili ambayo kwa kawaida husemwa mbalimbali: minyoo ya tumboni, na sumu ya madini ya risasi. Nisemapo risasi nina maana ya yale madini mazito na laini yaliyomo ndani ya betri za magari, ndani ya rangi nyingine za kupakia, na ndani ya mawe ya dhahabu ya sehemu fulani.

Nimeyaunganisha kwa sababu ya swali. Mfugaji mmoja anayekaa karibu na karasha la kusagia mawe ya dhahabu aliniuliza hivi: "Bwana shamba, nasikia wataalamu wamegundua kwamba minyoo hunyonya sumu tumboni mwa mnyama. Sasa nikiwapa mbuzi wangu dawa ya minyoo, si nitakuwa nimemfukuza mlinzi?" Ni swali zuri. Tena lina ukweli ndani yake, na hapo ndipo hatari ilipo.

Ukweli wenyewe ni huu. Mwaka 1994 wataalamu wa Ujerumani walitoa habari za samaki wa mtoni wenye minyoo ya kichwa cha miiba. Walipopima, waliona risasi iliyomo ndani ya minyoo ile ni nyingi mara 2,700 kuliko iliyomo katika nyama ya samaki mwenyewe. Inakuwaje? Risasi ikishaingia mwilini, ini huitoa pamoja na nyongo na kuimwaga tena utumboni. Sehemu yake ingefyonzwa tena na utumbo, irudi kwenye damu, mzunguko uendelee. Lakini mnyoo huyu hana mdomo wala tumbo. Hula kwa ngozi yake. Anapofyonza nyongo, anafyonza na risasi. Baadaye ilionekana kweli kwamba utumbo wa samaki wenye minyoo ulikuwa na risasi pungufu.

Jamaa wa mnyoo huyo yuko pia kwa nguruwe. Nguruwe wanaozurura humpata kwa kula mabuu ya mende wa kwenye mavi. Wataalamu walipopima nguruwe waliochinjwa mjini La Paz, Bolivia, waliona jambo la namna ileile. Hata minyoo bapa ya maini ya ng'ombe imeonekana kukusanya risasi. Minyoo mirefu ya mviringo ya nguruwe, hapana, hiyo haina tabia hiyo. Kwa hiyo usiseme "minyoo" kana kwamba yote ni ya ukoo mmoja.

Haya, turudi kwa mbuzi wa yule ndugu. Mnyoo anayewamaliza mbuzi na kondoo wetu si huyo wa miiba. Ni yule mwembamba, mnyonya damu, anayekaa katika tumbo la nne. Mmoja hunyonya kama sehemu 5 za mia za mililita kwa siku. Utasema ni kitu gani hicho! Lakini wakiwa 5,000, hiyo ni robo lita kila siku. Na mbuzi wa kilo 25 ana damu isiyofika lita 2.

Damu ikipungua, madini ya chuma yamepungua. Mwili ukikosa chuma, utumbo hufungua milango wazi ili uokote chuma chochote kitakachopita. Kumbe risasi nayo hupita katika mlango huohuo. Jambo hili limeonekana kwa wanyama wa maabara na kwa watoto wa binadamu: mwenye upungufu wa chuma hufyonza risasi zaidi. Basi huyo si mlinzi. Huyo ndiye anayemfungulia mwizi.

Kwa hiyo dawa ya minyoo toa. Funua kope ya chini ya jicho la mbuzi utazame ndani: ikiwa nyekundu, mwache, ikiwa imepauka kuelekea weupe, mpe dawa kwa kadiri ya uzito wake. Usipunje kipimo ili chupa itoshe zizi zima, kwa maana hivyo ndivyo minyoo inavyojifunza kuizoea dawa.

Lakini dawa ya minyoo haiondoi risasi. Risasi huondolewa pale inapotoka. Betri iliyokufa isitupwe malishoni, maana ng'ombe, na hasa ndama, hupenda kuilamba. Mifugo isinywe maji ya karasha wala kulala juu ya marudio. Na mawe yasisagwe uani, wala kwa mashine ya unga. Huko Zamfara, kaskazini ya Nigeria, mawe ya dhahabu yenye risasi yalisagwa majumbani, na mwaka 2010 ikajulikana kwamba watoto wasiopungua 400 wamekufa. Vumbi hilohilo ndilo linalotua juu ya majani ya mbuzi.

Mnyama aliyeshikwa na risasi husaga meno, hutetemeka, huwa kipofu, hukandamiza kichwa ukutani, na tumbo huacha kufanya kazi. Akifa, usimle, hata kama nyama inapendeza machoni. Ini, figo na mifupa ndiyo maghala ya risasi, na moto wa jikoni hauiondoi. Mfukie mbali na kisima, mbwa wasimfukue.

Dalili hizo hufanana na za kichaa cha mbwa na za ugonjwa wa moyo kujaa maji. Kwa hiyo usimshike mdomoni kwa mikono mitupu. Mwite daktari wa mifugo upesi, na atakapofika mwambie waziwazi kwamba jirani kuna karasha, au fundi betri, au kwamba juzi ulipaka rangi mlango wa zizi. Asipoambiwa hayo hatayafikiria.