Taa ya Injini Isizoeleke

Ndugu zangu wanakisomo wa Hale, leo tuzungumze juu ya masega ya gari.

Magari mengi yanayopita hapa kwenda Tanga na Korogwe yalitumika kwanza Japani. Ndani ya bomba la moshi mna masega yenye matundu madogo, yaliyopakwa madini kama platinamu. Kazi yake ni kupunguza sumu ya moshi. Madini hayo ni ghali, basi mwenye gari huambiwa: "Toa masega, uza, gari itakuwa nyepesi."

Anayatoa. Baada ya siku chache taa ya njano ya injini inawaka. Kwa nini? Nyuma ya masega huwapo sensa ya kupima moshi. Ikiona masega hayafanyi kazi, inatoa taarifa. Dereva anasema, "Ah, ni masega tu," anaizoea. Hatari ndiyo hiyo. Kesho koili ikifa, taa ni ile ile. Atajuaje?

Basi tufanye hivi:

1. Taa ikiwaka, gari ipimwe kwa mashine. Andika namba ya kosa kwenye daftari. P0420 ni masega. P0300 ni injini kumisi.

2. Taa ya njano ikiwaka na kuzimika mfululizo, punguza mwendo, simama.

3. Taa nyekundu ya oili au ya joto ikiwaka, simama mahali salama, zima injini.

4. Masega yakiziba, tafuta kwanza kilichoyaziba: plagi mbovu, au injini kula oili. Ukiyakata tu, ugonjwa unabaki.

Kusoma tumejifunza. Tusome na taa za gari.